Tiketi Moja au Tiketi Mbili? Maneno kwa Wasafiri wa Kilwa na Lindi

Zamani mtu wa pwani yetu ya kusini akipanda eropleni alikuwa habari ya mji mzima. Siku hizi sivyo. Kutoka Kivinje, Masoko, Somanga, Mchinga na Lindi watu huenda India kwa matibabu, huenda Maskati kuwaona jamaa au kutafuta kazi, huenda Nairobi kwa masomo, wengine Makka, wengine Roma. Nami kwa kuwa ni karani, karatasi za safari hizo hupita mbele yangu, maana asiyesoma Kiingereza hutafuta wa kumsomea. Karibu kila mmoja huuliza neno moja: "Ndege ya bei nafuu ni ipi?" Swali hilo si baya, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: tangu mlangoni kwako mpaka huko uendako utabadili chombo mara ngapi, na chombo kimoja kikichelewa, hasara ataibeba nani?

Mtu wa Dar es Salaam aweza kulipuuza swali hili, maana uwanja wa ndege uko mjini kwake. Sisi hatuwezi. Safari yetu ya ndege huanzia Nangurukuru, kando ya barabara, tukingoja gari. Gari hilo ni chombo cha kwanza, wala halimo katika tiketi yo yote ya ndege. Likipasuka gurudumu Muhoro, hakuna shirika la ndege litakalokungoja.

Jambo la kushangaza ni kwamba hapo kale haikuwa hivyo. Mwaka 1937 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianza kupitisha ndege za majini, zile zenye tumbo kama mashua, kutoka Uingereza mpaka Durban. Zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, kisha Lindi, kisha Msumbiji, Beira na Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Ndiyo, Lindi! Maji ya ghuba yake yaliyotulia yalifaa kama kiwanja. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, njia ya Bahari ya Kati ikafungwa, zikawekwa ndege za kutoka Durban, kupita pwani hii hii, kuzunguka Misri, Bara Hindi na Singapore mpaka Sydney. Waingereza waliiita njia hiyo kiatu cha farasi kwa ajili ya umbo lake. Mpaka Singapore ilipotekwa Februari 1942, abiria wa kutoka Durban kwenda Australia alikuwa akipita Lindi.

Kwa nini basi Lindi ilitoka katika njia kuu? Ndege za wakati ule hazikuweza kwenda mbali bila kutia mafuta, kwa hiyo zilihitaji vituo vya karibu karibu. Zilipokuja ndege za nchi kavu zenye kwenda mbali, kituo cha katikati hakikuwa na kazi tena. Shirika la East African Airways, lililoanza 1946, liliendelea kuleta ndege zake Lindi na Mtwara, lakini hizo zilikuwa za safari za hapa hapa. Lilipovunjika mwaka 1977 na Air Tanzania kuzaliwa mwaka ule ule, njia kubwa za dunia zilikwisha kuhamia Nairobi na Dar es Salaam zamani.

Na Kilwa je? Mwanafunzi wa historia atakumbuka kwamba Kilwa ilitajirika kwa kazi hii hii ya kubadilisha chombo. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na kwa pepo za mwaka mmoja hayakuwa na nafasi ya kwenda mbali zaidi kusini na kurudi kwa salama. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala ililetwa Kilwa kwa vyombo vingine, ikangojea hapo. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji katika enzi yake. Jahazi lililochelewa pepo lilikaa mpaka mwaka wa pili. Wazee wale walijua vizuri kuliko sisi kwamba anayeunganisha vyombo viwili hana budi kuacha nafasi kati yao.

Turudi siku hizi. Milango yetu ya kwenda angani ni mitatu. Wa kwanza ni Dar es Salaam. Wa pili ni Mtwara, ambako uwanja ulitengenezwa upya, njia ya kurukia ikarefushwa, na Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua mwaka 2023. Wa tatu ni viwanja vidogo, kama kile cha Kilwa Masoko, ambacho hupokea ndege ndogo za watu kumi na wawili hivi, zile zinazokwenda pia Mafia. Hizo nauli yake ni ya watalii, ratiba yake hubadilika kwa majira, na mzigo unaoruhusiwa ni mdogo, mara nyingi kilo 15 tu katika mfuko laini. Mwenye gunia la korosho la kumpelekea shangazi yake Maskati asahau ndege hizo. Lindi nayo ina kiwanja chake Kikwetu, lakini usipange safari ya nje kwa kukitegemea kabla hujaona kwa macho yako ratiba na tiketi.

Basi uchague Dar es Salaam au Mtwara? Tazama barabara. Nangurukuru iko karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na kwenda Mtwara ni karibu kadiri hiyo hiyo, pengine pungufu kidogo. Mtu wa Kilwa kushuka kusini mpaka Mtwara ili aruke kurudi kaskazini juu ya kichwa cha nyumba yake ni kupoteza fedha. Yeye apande gari aende Dar es Salaam. Lakini mtu wa Lindi mjini hesabu yake ni nyingine. Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi, siku nzima barabarani. Mtwara ni zaidi kidogo ya 100, na kutoka hapo ni saa moja ya ndege. Nauli itazidi ya gari, hilo halifichiki, lakini anapata kitu ambacho gari haliwezi kumpa: safari yake yote yaweza kuandikwa katika tiketi moja kuanzia Mtwara.

Barabara yenyewe imetusaidia sana tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003. Vijana hawajui tabu ya kungoja kivuko na kulala porini masika. Lakini tusiifanye kuwa ya hakika kama jua. Mwezi wa Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua zilibomoa barabara na madaraja sehemu za Somanga, magari yakasimama pande zote mbili siku kadhaa. Mtu wa Lindi mwenye ndege Dar es Salaam siku zile alikuwa na mlango mmoja tu, Mtwara. Mtu wa Kilwa aliyekuwa kusini ya Somanga, naye ilimbidi ama angoje, ama ashuke huko huko. Kwa hiyo mwezi wa Machi mpaka Mei, kabla hujanunua tiketi, uliza habari za barabara kwa madereva. Wao hujua mapema.

Sasa tufike katika kiini cha jambo. Tiketi moja maana yake ni kwamba safari yote, hata ikiwa na ndege mbili au tatu, imeuzwa kwako kama ahadi moja, kwa namba moja ya herufi na tarakimu sita. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi yao kukutafutia nyingine bila nauli mpya. Tiketi mbili maana yake ni ahadi mbili zisizojuana. Shirika la pili halina habari kwamba ulikuwa angani na shirika la kwanza. Linajua tu kwamba jina lako liliitwa na hukuitika. Hapo nauli imekwenda.

Chukua mfano. Mama mmoja wa Kivinje anampeleka mwanawe hospitali Mumbai, na amepewa siku ya kuonana na daktari. Kijana wa dukani anamwambia, "Mama, nimekupatia njia ya bei nafuu kabisa," naye anamwandikia tiketi ya Dar es Salaam mpaka Dubai kwa shirika moja, na nyingine ya Dubai mpaka Mumbai kwa shirika la pili, katikati saa nne. Katika karatasi yapendeza. Lakini tiketi zikiwa mbili, sanduku lake kwa kawaida litaishia Dubai. Kulichukua hana budi kuingia nchini, na kuingia nchini Mtanzania huhitaji viza. Mama hana viza ya Dubai, ana ya India tu. Yawezekana kabisa akazuiliwa Dar es Salaam pale pale kwenye meza, kabla hata hajapanda, maana shirika linalombeba abiria asiyeruhusiwa kuingia hutozwa gharama ya kumrudisha. Siku ya daktari imepita, nauli zote mbili zimepotea, na mtoto bado mgonjwa. Bei nafuu iko wapi?

Mama huyo huyo angeuliza njia ya tiketi moja angeambiwa ziko kadha wa kadha. Air Tanzania ilianza kuruka Dar es Salaam mpaka Mumbai mwaka 2019, ikasimama kwa ajili ya korona, kisha ikairudia njia hiyo bila kubadili ndege katikati. Ethiopian humpitisha Addis Ababa, Kenya Airways Nairobi, Qatar Airways humpitisha Doha, Emirates Dubai yenyewe. Na kwa tiketi moja abiria asiyetoka nje ya uwanja kwa kawaida hahitaji viza ya mahali pa kubadilia, na sanduku lake huvushwa na wenyewe. Kama nauli zinakaribiana, mimi ningechagua ile isiyobadili ndege kwa mgonjwa, hata ikiwa siku zake kwa juma ni chache. Kwa mzima ningechagua mji wenye ndege nyingi kwa siku, kwa sababu ukiikosa moja ipo nyingine jioni. Ndege ya mara tatu kwa juma ikikuacha, utaisubiri kama jahazi lililokosa kaskazi.

Wala usidhani shirika la nchi yetu halina taabu zake. Tangu mwaka 2022 baadhi ya ndege zake za Airbus A220 zilisimamishwa chini kwa tatizo la injini za Pratt & Whitney, tatizo lililoyapata mashirika mengi duniani, na ratiba za ndani zikavurugika, Mtwara ikiwamo. Ndiyo sababu nasema: mtu wa Lindi akiruka kutoka Mtwara kuunganisha ndege ya nje, na aruke ndege ya mapema, si ile ya mwisho wa siku. Ile ya mapema ikiahirishwa bado kuna nafasi ya kunusurika.

Kuna kanuni nyingine ambayo wengi hawaijui mpaka iwaume. Tiketi moja hutumiwa kwa mfululizo, kama kamba ya shanga. Tuseme umenunua Mtwara, Dar es Salaam, Nairobi, na kurudi. Siku ya safari unajikuta uko Dar es Salaam tayari kwa msiba au kwa harusi, ukasema, "Hiki kipande cha Mtwara nakiacha, nitapandia hapa hapa." La, usifanye hivyo! Usipotokea katika kipande cha kwanza, mashirika mengi huvifuta vyote vilivyobaki, pamoja na vya kurudia. Wapigie simu kabla, wabadilishe, ulipe wanachotaka kama kipo. Ukinyamaza umepoteza.

Kuhusu sanduku, jifunze kusoma kile kikaratasi kirefu wanachofunga mkononi mwa mzigo. Kila uwanja una herufi tatu. Dar es Salaam ni DAR, Mtwara MYW, Nairobi NBO, Addis Ababa ADD, Doha DOH, Maskati MCT. Mumbai bado yaitwa BOM kwa jina lake la zamani, Bombay. (Kilwa tunayo yetu, KIY, na Lindi LDI, hata ndege zisipokuja.) Tazama herufi kubwa kabisa: hapo ndipo mzigo wako utashuka. Unakwenda Mumbai na kikaratasi chasema DAR? Mwulize yule bibi au bwana wa mezani kabla sanduku halijaondoka, wala usione haya. Na wakati wa kurudi, hata kama kikaratasi chasema MYW, uliza pia, kwa maana kwa kawaida mzigo utokao nje hupitishwa forodhani Dar es Salaam, nawe huna budi kuuchukua na kuukabidhi upya kwa ndege ya ndani.

Saa nazo zimewaangusha watu, hata waliosoma. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu, 00 mpaka 24. Iliyoandikwa 03:10 ni saa tisa na dakika kumi usiku, si saa tatu. Na 15:00 ni saa tisa alasiri. Tena ndege nyingi za nje huondoka usiku, na hapo ndipo penye mtego. Ndege ya Ijumaa 00:35 yaondoka mara tu baada ya saa sita za usiku. Anayesoma "Ijumaa" akafika uwanjani Ijumaa jioni amechelewa karibu siku nzima. Hapa wazee wetu wa pwani wako sahihi kuliko vijana wa shule. Kwao siku huanza jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Ndege ile ni ya usiku wa Ijumaa kwa hesabu yao, barabara kabisa. Nyumbani kwetu ukimwambia bibi tarehe ya tiketi hakosei. Mjukuu wake ndiye hukosea.

Uwanja wa Dar es Salaam una majengo matatu, nao si mlango mmoja. Jengo la tatu lilifunguliwa mwaka 2019 kwa ajili ya safari za nje. La pili limekuwa kwa miaka mingi jengo la safari za ndani, na lile la kwanza, la zamani, ni la ndege ndogo, nalo liko mbali na mengine kiasi cha kuhitaji gari. Anayetoka Mafia au Kilwa kwa ndege ndogo akaunganishe ya Addis Ababa, na ahesabu mwendo huo. Mashirika huhamishwa mara kwa mara, kwa hiyo siku moja kabla uliza, "Naondokea jengo gani?"

Je, uache muda gani? Kwa tiketi moja, shirika lenyewe limekwisha hesabu muda wa chini. Mimi naongeza, nikiweza kuchagua, nipate saa tatu Dar es Salaam. Kwa anayekuja kwa gari kutoka Kilwa au Lindi sina shauri jingine ila moja: fika siku iliyotangulia. Ndege ya saa kumi jioni na gari la alfajiri kutoka Masoko huonekana kwamba zinapatana, na siku nyingi kweli zinapatana. Lakini foleni ya Mbagala peke yake yaweza kula saa mbili. Lala kwa jamaa Temeke au Mbagala, na mwambie kondakta akushushe Rangi Tatu. Kwenda kwanza Kariakoo kisha kurudi uwanjani ni kuzunguka bure. Ukigawanya gharama ya kulala usiku mmoja na bei ya tiketi iliyopotea, utaona ni sehemu ndogo sana.

Tena, unaponunua kwa wakala, usitoe fedha kwa neno la mdomo. Mwambie akuonyeshe karatasi, nawe utazame mambo manne: jina lako limeandikwa herufi kwa herufi kama katika pasipoti, namba ya tiketi ni moja au mbili, masharti ya kubadili siku yamesemwaje, na mzigo ni kilo ngapi katika kila kipande. Kipande kimoja chaweza kuruhusu kilo 46 na kingine 23. Mgonjwa asiyeweza kutembea, kiti cha magurudumu kiombwe wakati wa kununua, si siku ya safari, na barua ya daktari iwe mkononi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Kitabu cha manjano cha chanjo kisiachwe nyumbani kabatini, hasa kwa wanaopitia nchi nyingine za Afrika. Na ikiwa umetendewa isivyo haki ukaenda mpaka ofisini kwao bila kusikilizwa, ipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na malalamiko ya abiria hupokewa huko. Peleka nakala za karatasi zako, maana maneno matupu hayatasaidia.

Mwisho ni safari ya kurudi, ambayo watu huipanga kwa haraka kwa sababu roho iko nyumbani. Magari ya Kilwa na Lindi mengi huondoka Dar es Salaam alfajiri na asubuhi. Ndege ikitua saa nane mchana, ukapita uhamiaji, ukangoja sanduku, ukapita forodhani, gari la siku hiyo limekwisha vuka Rufiji. Tia usiku huo katika hesabu tangu siku ya kununua tiketi, na fedha yake uitenge mbali na ile uendayo kutumia huko, maana zawadi za watoto hazibakizi kitu.